TV Sina, Lakini Nailipia

Hamjambo wapendwa. Leo nalijibu hili swali, maana kila nikiweka video linarudi: "Dada, miaka yote hiyo Ujerumani na ukutani huna hata TV? Pesa unapeleka wapi?" Najua nikijibu kuna watakaosema najigamba, na wengine watasema nalialia. Semeni tu.

TV sina, lakini nailipia. Huku kila kaya inalipa ada ya utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na TV usiwe nayo. Utaratibu huu wa kulipa hata bila TV ulianza 2013. Ukishajiandikisha makazi manispaa, taarifa zako zinapelekwa kwa wanaokusanya ada, na barua inakufuata mlangoni. Wanafunzi wanaopata ufadhili wa serikali ya huku wanaweza kuomba wasamehewe. Mimi nilikuja kwa pesa za harambee, karatasi hiyo ningeitoa wapi? Tulikuwa watatu nyumba moja, ada moja, jina la mwenzetu. Mwenzetu akahama kimya kimya, barua zikaanza kuja kwangu, malimbikizo na euro 8 za kuchelewa juu yake. Nilikesha na kamusi. Wiki hiyo hiyo binamu yangu akaandika kwenye grupu la familia kwamba nimewasahau. Hilo linaniuma hadi leo.

Na msidhani siipendi TV. Yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Jumamosi Baba aliifunga betri kwenye keria ya baiskeli akaipeleka sokoni kuchajiwa. Asidi ilimwagika njiani, suruali yake ya kijivu ikawa na vitundu vidogo vidogo kila mahali. Jioni kaka yangu yuko nje anazungusha mti wa antena, sisi ndani tunapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo! Aa, umepitisha, rudisha!" KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, ndiyo tuliyoipata, basi. Kile kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kikianza, majirani wamejaa hadi mlangoni. Betri ikikaribia kuisha picha ilijikunja kutoka pembeni, Mzee Ojwang', mchekeshaji wake maarufu, akabaki anaongea ndani ya kisanduku kidogo katikati ya kioo, na hakuna aliyeinuka.

Baadaye stima ikafika, tukapata rangi, tukapata vichekesho vya Papa Shirandula kwenye stesheni ya Citizen. Kisha nikaondoka. Mzee Ojwang' alipofariki 2015 nilikuwa huku. Charles Bukeko, Papa mwenyewe, alipotutoka 2020, nilikuwa huku. Nilienda kazini macho mekundu, na sikuwa na mtu wa kumweleza ni nani aliyekufa.

Sasa, sikwambii usinunue TV. Wakenya wengi huku wanazo, kila mtu na nyumba yake na mfuko wake. Ila ile barua ya ada ukiipata, usiiweke kando. Ifungue siku hiyo hiyo.

Mimi Baba hunipigia WhatsApp saa moja jioni yake. Wakati wa baridi kwangu ni saa kumi na moja, na giza limeshaingia. Anaegemeza simu kwenye bakuli la sukari, inaangalia TV, tunafuatilia Taarifa ya Habari pamoja. Haongei. Likija tangazo la biashara ndipo anauliza kama nimekula.