Alere: kulisha, kulea, na hesabu zake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nianze na kitenzi kimoja cha Kilatini, alere: kulisha na kulea kwa mkupuo mmoja. Humo ndimo lilimotoka almus, au alma kwa mwanamke, sifa ya anayelisha kwa hisani. Mshairi wa Kiroma Virgil alimpa Ceres sifa hiyo, mungu wa kike wa nafaka, na mwenzake Lucretius akampa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, mwanzoni kabisa mwa utenzi wake. Wakristo nao hawakulitupa neno. Wazee walioimba kwaya zama za misa ya Kilatini watakumbuka Alma Redemptoris Mater, wimbo wa Bikira Maria.

Sasa, alumnus, la kitenzi hicho hicho. Siku hizi mtu akimaliza chuo hujiita alumni, neno la wingi, hata akiwa peke yake, lakini hayo tuyaache. Kwa Waroma alumnus alikuwa mtoto aliyelelewa na wasiomzaa, mara nyingi wa kuokotwa, na wengi wao walikuwa watumwa wa nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo tusiyapambe mno maneno haya. Aliyekulisha alikuwa na kauli juu yako.

Kutoka kwenye kitenzi hicho tunapata pia alimenta, yaani chakula, na baadaye jina la mpango wa dola wa kulisha watoto wa Italia, uliotia fora enzi za Kaisari Trajan, mwaka 98 hadi 117. Sarafu zake zina maandishi ALIM ITAL, na aliyechorwa ni Abundantia, neema yenyewe katika umbo la mungu wa kike: masuke ya ngano mkononi, mtoto miguuni. Ukiitazama utadhani chakula kilishuka mbinguni.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1747, karibu na Piacenza, Italia, liliibuka shambani bamba kubwa la shaba la mji wa kale wa Veleia. Lilivunjwavunjwa, nusura liyeyushwe. Limeandikwa mashamba, thamani zake na wenyewe. Kaisari aliwakopesha wenye ardhi sesterti, sarafu ya Kiroma, 1,044,000, mashamba yakiwa dhamana, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Riba hiyo, sesterti 52,200, ndiyo iliyolisha watoto 281. Pigeni hesabu wenyewe, inakubali hadi sesterti ya mwisho: mvulana wa ndani ya ndoa 16 kwa mwezi, msichana 12, wa nje ya ndoa, mvulana 12, msichana 10. Hao wa nje ya ndoa walikuwa wawili tu, mvulana mmoja na msichana mmoja.

Mimi hukwama pale penye wasichana. Ni 35 tu, wavulana 246, na hakuna mji duniani unaozaa hivyo. Nionavyo, kila nyumba iliandikisha mtoto mmoja, na wazazi, wakijua viwango, wakampeleka wa sesterti 16.