Barua Isiyoweza Kupelekwa Ofisi Nyingine

Habari za asubuhi, wanangu.

Naanza na barua yangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili nilichapa moja tu ya kuombea fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nikatoa fotokopi, nikaacha pengo la jina la ofisi ambalo nililijaza kwa kalamu. Niliizungusha mji mzima kwa miguu. Hakuna aliyenipigia simu. Niliumia, nikaamini nafasi ni za watoto wa wakubwa. Miaka mingi baadaye nikawa mimi ndiye ninayesoma maombi, ndipo nikaelewa kwamba barua ile sikuwa nimemwandikia mtu yeyote.

Nyingi huanza hivi: “Mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma.” Inawezekana ni kweli. Lakini aliyekutangulia kwenye foleni naye kaandika hivyohivyo, na msomaji hana pa kuyapimia.

Chukua mtu wa kemia anayetaka maabara ya mamlaka ya maji hapa Mwanza. Kabla hujaandika, jiulize wale watu asubuhi wanafanya nini. Maji wanayavuta Ziwa Victoria, ikiwemo pale Capri Point. Wanapima tope na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Wanajaribu kiasi cha shabu kitakachotuliza tope la siku ile, maana maji ya baada ya mvua si maji ya kiangazi. Kisha wanafuatilia klorini, dawa ya kuua vijidudu, iliyobaki mpaka bombani. Shirika la Afya Duniani linashauri isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapokinga. Sasa fungua daftari lako la maabara, utafute ulipowahi kugusa kitu cha namna hiyo.

Hapo kwenye Yah: taja idara na miezi unayoomba. Kisha aya ya kwanza: “Muhula uliopita nilipima klorini iliyobaki katika sampuli 12 za maji ya hosteli yetu. Maji yaliyolala kwenye tenki yalikuwa na klorini kidogo kuliko yaliyotoka moja kwa moja bombani. Ningependa kujifunza mnavyofuatilia upungufu huo mitaani.” Sentensi tatu tu. Mkuu wa maabara akifika hapo ataita mwenzake.

Kazi hiyohiyo ipandishe juu kabisa kwenye wasifu wako, kabla ya shule. Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi viondoe. Ukurasa mmoja unatosha. Ukiomba kiwandani kesho, kitakachopanda juu ni kingine.

Msiniambie hamna uzoefu. Anayesomea uhasibu, akawa anashika daftari la vikoba vya mama yake mpaka wanachama wakagawana mwisho wa mwaka bila ugomvi, ana jambo la kuandika. Aandike wanachama wangapi, na hesabu alizifunga vipi. Ila usiongeze hata chembe. Ukidai umetumia mashine usiyoijua, siku ya kwanza utaambiwa iwashe.

Wadhamini, wale watakaoulizwa habari zako, waombeni ruhusa kabla ya kuweka namba zao. Barua ya utambulisho ya chuo iambatane, na tarehe zake zilingane na zako. Zikipishana, maombi hukaa mezani wiki nzima.

Sasa toeni barua mlizokuja nazo. Funika jina la ofisi kwa karatasi, mpe jirani yako asome, akwambie inakwenda wapi. Asipojua, tutaiandika upya hapahapa. Tuna dakika ishirini.