Kisanduku kwanza, saruji baadaye

NEEMA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu nyumba ya udongo: msingi, tofali na upenu. Lakini Fundi Hamisi ameingia hapa na nusu tofali mkononi, na namwona kabisa hana habari na msingi.

HAMISI: Sina. Juzi niliitwa saiti moja huko Kisarawe, tofali za kufungamana, zile zinazopangwa zikashikana zenyewe, za udongo na saruji, ukuta umefika usawa wa madirisha. Nikashika pembe ya tofali, ikabaki mkononi. Tazama humu ndani, dada. Madonge mekundu, makubwa kama punje za mahindi, na saruji imeyazunguka tu kwa nje. Ukikwangua kwa ukucha, donge linatoka unga.

NEEMA: Udongo haukuchekechwa.

HAMISI: Umechimbwa umelowa, ukachanganywa hivyo hivyo. Saruji inashika chembe za mchanga. Donge la mfinyanzi hailipenyi. Mvua ikinyesha donge linavimba, jua likiwaka linasinyaa, tofali linapasuka kuanzia ndani. Ungeanikwa ukakauka, ukapita kwenye wavu wa milimita 5 au 6, shida hii isingekuwepo. Lakini kilichoniuma zaidi ni nilipouliza kisanduku cha kupimia udongo unavyosinyaa kiko wapi.

NEEMA: Wasikilizaji mnaohesabu Fundi anakitaja mara ngapi, andikeni: kisanduku kimetajwa kabla hatujamaliza salamu.

HAMISI: Waandike! Mtu anakodi mashine ya kubonyeza tofali, ananunua saruji, halafu anakosa vipande vichache vya mbao?

NEEMA: Haya, kwa ajili ya wageni, kieleze mara moja tuhamie kwenye msingi.

HAMISI: Kwa ndani kina urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta, hata oili chafu inatosha. Toa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini yake, uchekeche, utie maji mpaka ulainike bila kutiririka. Jaza, shindilia kwa kijiti mpaka kwenye pembe, sawazisha. Juani siku 3, au kivulini wiki. Ukikauka, sukuma udongo wote upande mmoja, kisha pima pengo.

NEEMA: Hapo kwenye kusukuma ndipo watu wanapokosea.

HAMISI: Sana! Wanapima pengo la mwisho, nyufa za katikati wanaziacha. Kila ufa ni sehemu ya kipimo. Sasa, pengo likiwa chini ya milimita 12, saruji moja kwa udongo 18. Kuanzia 12 hadi 24, moja kwa 16. Hadi 39, moja kwa 14. Hadi 50, moja kwa 12. Likipita 50, usikimbilie kuongeza saruji. Changanya mchanga upime upya, au jaribu chokaa, maana chokaa na mfinyanzi vinaelewana.

NEEMA: Ngoja niziweke kwenye ndoo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Moja kwa 18 ni ndoo 31 na nusu za lita 20. Moja kwa 12 ni ndoo 21. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 linameza lita 7 na ushee za udongo uliolegea, kwa hiyo udongo mzuri unakupa tofali kama 85 kwa mfuko, ule mbaya kama 57. Na mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33.

HAMISI: Umeona? Kisanduku ndicho kinachoamua bei.

NEEMA: Si bei tu. Chukua tofali za mchanga na saruji, za inchi 6. Ukitoa 35 kwa mfuko, na mita ya mraba inataka 10, hiyo ni chini ya theluthi ya mfuko. Ongeza saruji ya kuunganishia tofali na ya plasta pande mbili, unafika karibu nusu mfuko. Ya kufungamana, kwa moja kwa 12, imeshapita nusu mfuko bila plasta. Kwa moja kwa 18 iko chini ya mbili ya tano. Mtu akiniambia anajenga kwa kulinda mazingira, mimi namuuliza pengo lake ni milimita ngapi.

HAMISI: Na akipiga plasta juu ya zile za kufungamana?

NEEMA: Amerudisha saruji yote aliyookoa. Na kwenye saruji, sehemu kubwa ya hewa ukaa haitoki kwenye moto wa tanuru, inatoka kwenye chokaa mawe yenyewe ikivunjika. Hata ukibadili kinachochomwa tanuruni, hiyo haiepukiki. Ndiyo maana nasema kuta za ndani zisitiwe saruji kabisa.

HAMISI: Hapo hapana, Neema.

NEEMA: Piga hesabu, Fundi. Ukuta wa mita 3, ile kozi, yaani safu ya tofali, ya chini kabisa inabeba chini ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Tofali lililobonyezwa vizuri bila saruji, likiwa kavu, linabeba zaidi ya mara kumi ya hapo.

HAMISI: Likiwa kavu! Bati likitoboka na mpangaji akanyamaza wiki mbili? Bomba la bafuni likivuja ndani ya ukuta? Lisilo na saruji likilowa linarudi tope. Halafu saiti ina marundo mawili ya rangi moja, jioni kibarua anabeba la karibu.

NEEMA: Bafuni na kozi za chini weka saruji. Lile rundo lisilo na saruji lipigwe alama ya chokaa. Ni suala la usimamizi.

HAMISI: Usimamizi ndio wenyewe haukuwepo pale Kisarawe.

NEEMA: Basi hata saruji yako haikuwasaidia.

HAMISI: Ingesaidia wangepima. Siwezi kumshauri mtu ukuta unaotegemea bati lisivuje miaka 30.

NEEMA: Na mimi siwezi kumshauri anunue saruji ya kuta ambazo mvua haizigusi. Tuache hapo. Fundi mitambo ananionyesha saa, na msingi na upenu hatujagusa.

HAMISI: Nipe nafasi ya kipimo cha maji tu. Finyanga bonge la mchanganyiko, liachie kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vinne, vitano, bonyeza. Likisambaratika ni kavu, likibaki bonge umezidisha maji. Tofali zikitoka, kivulini chini ya nailoni, maji kila siku kwa wiki nzima, na usijengee kabla ya siku 28. Na mchanganyiko ukishalowa uishe ndani ya saa moja, unaobaki...

NEEMA: Usirudiwe kutiwa saruji kesho yake. Umekufa huo. Muda umekwisha, kwaherini.