Kona Imeziba, Waltzi Inaendelea

NEEMA: Jumamosi kwenye mashindano ya dansi jozi zilijaa ukumbini mpaka ukutani, Elia. Raundi ya kwanza ile! Tunamaliza upande mrefu, mwenzangu anajiandaa kuzunguka kulia kwenye kona, na jozi ya mbele inasimama palepale tulipotaka kutua.

ELIA: Na nyuma yenu?

NEEMA: Watu, na wanakuja! Niliwaona mimi, kwa sababu yeye alikuwa anatazama mbele. Nikamkaza begani, akaelewa. Akauacha mzunguko, akaweka hatua ya kusita, tukayumba hapohapo hadi njia ikafunguka.

ELIA: Safi sana. Hicho ni kipilefti cha Mnara wa Saa, dada.

NEEMA: Kipilefti hapana! Pale magari yanafuata saa, ukumbini tunazunguka kinyume chake.

ELIA: Geuza mwelekeo, sheria inabaki. Wote mnakwenda upande mmoja, na wa nyuma ndiye anayemwona wa mbele, kwa hiyo kukwepa ni kazi yake.

NEEMA: Na daladala inayosimama kuchukua abiria kwenye kutokea?

ELIA: Ndiyo hiyo jozi yenu ya kona!

NEEMA: Bodaboda je?

ELIA: Bodaboda ni kwikstepi, dansi ya mbio. Mapigo 200 na kitu kwa dakika, mtu anatafuta upenyo upande wa ndani.

NEEMA: Hapo sikubali. Upenyo wa ndani unakupeleka kwa jozi nyingine isiyokutegemea. Bora kukaa.

ELIA: Ukikaa, waamuzi wanaona jozi iliyokwama. Wimbo unaweza kuwa wa dakika moja na nusu tu, na sakafu nzima wanaiangalia wao! Mimi wanafunzi wangu nawapa njia mbili za kutoka kila kona, na moja ni ya kupita.

NEEMA: Aliyekaa ndani ya muziki hajakwama. Bega limetulia, goti linapumua, kichwa kinafuata fidla. Mwamuzi anaona watu wanaosikia.

ELIA: Anaona watu wasiosogea. Waltzi inataka kusafiri.

NEEMA: Waltzi inataka mapigo matatu. Popote.

ELIA: Sikubali, dada.

NEEMA: Wala mimi, Elia. Na yule dereva wa daladala angekuwa na mapigo matatu kichwani, kipilefti kisingeziba!

ELIA: Trafiki mwenyewe angehitaji! Akisimama katikati pale, mikono miwili, wote tunamtazama yeye, hakuna anayemtazama wa mbele yake.

NEEMA: Hapo umesema kweli. Mcheza dansi akimtazama mwamuzi, anagonga.

ELIA: Tulipanga mambo matatu leo: kona, ishara za mkono, na kuikata dansi ya tango vipande vifupi...

NEEMA: Kwaya iko mlangoni, wanataka chumba.

ELIA: Basi tango wiki ijayo, inakatika vizuri kuliko waltzi kwa sababu mwili haupandi na kushuka. Wasikilizaji, kwenye kona, piteni.

NEEMA: Kaeni!