Kama hakuna anayekuona

DEO: Maiki iko poa? Haya. Leo ni lile swali la asiye na dini, eti maadili anayatoa wapi. Zuhura, we unasemaje?

ZUHURA: Mi naswali, na bado nakwambia wema haujaanzia kwenye dini.

DEO: Umechokoza nyuki dada.

ZUHURA: Subiri basi. Kuna kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kinaitwa Euthyphro, humo mwalimu wake Socrates anamkaba jamaa na swali, hivi jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa sababu ni jema? Ukichukua la kwanza basi kungekuja amri ya kuua jirani, kuua kungekuwa kuzuri. Ukichukua la pili, wema ulikuwepo tayari.

DEO: Wanatheolojia wanajibu Mungu mwenyewe ndiye wema, amri kama hiyo haiwezi kutoka kwake.

ZUHURA: Na umejuaje kwamba kuua jirani sio wema? Si tayari una kipimo chako! Afu hata waumini wamebishana humohumo, kwenye Uislamu wanatheolojia wa kundi la Muutazila walisema akili inajua dhulma ni mbaya hata kabla wahyi haujashuka, wenzao wa kundi la Ashari wakasema hapana, ubaya ni kile sheria ilichokataza. Na Paulo kwenye Warumi 2 anasema wasio na torati wana sheria imeandikwa mioyoni mwao.

DEO: Sawa, ila kujua na kutenda ni vitu viwili bana. Umeokota pochi, hamna kamera, hamna mtu, mwenyewe keshaishia zake, na ndani kuna hela za kueleweka. Jamii inakubana wapi hapo? Anayeamini anajua anaonekana.

ZUHURA: Na wanaoitia mfukoni hivyohivyo?

DEO: Wapo, tena wengi tu, hahaha.

ZUHURA: Ona sasa. Mwaka 2007 watafiti wa saikolojia, Shariff na Norenzayan, waliwapa watu sentensi za kupanga zenye maneno ya kidini, afu wakawapa hela wagawane na mtu wasiyemjua, wakagawa zaidi. Lakini waliopewa maneno kama polisi, mahakama, mkataba, nao wakagawa zaidi vilevile. Yaani jicho la serikali nalo linatosha.

DEO: Ila waliorudia lile jaribio la maneno ya kidini 2015 hawakuona kitu, kwa hiyo mi nisingeliegemea sana.

ZUHURA: Haya, basi nyani. 2003, watafiti Brosnan na de Waal waliwajaribu wale wadogo wa Amerika wanaoitwa capuchin, mmoja anapewa tango mwenzake zabibu kwa kazi ileile, wa tango anakataa, mara nyingine analirusha huko. Hakufundishwa na kasisi yule.

DEO: Huyo analia la kwake dada! Mbona wa zabibu hakugoma kumtetea mwenzake? Maadili ni pale unapojinyima kwa ajili ya mtu ambaye hata si wa kwenu, na hapo ndo jamii inapokwama, jamii inakufundisha kumpenda wa kwenu. Uingereza iliishi na biashara ya watumwa miaka na miaka ikaona kawaida tu, mpaka kina Wilberforce, yule mbunge wao, wakasimama kwa ajili ya imani yao, ikapigwa marufuku 1807.

ZUHURA: Na wenye meli walikuwa wanasoma Biblia gani?

DEO: Ileile...

ZUHURA: Eeh. Sasa nani aliwaambia kina Wilberforce mistari ipi ndo ya kushika?

DEO: We ngoja, hilo nalijibu, ila niache ninywe maji kwanza.