Kufunga Mihimili ya Keria na Hema la Juu ya Gari, Hatua kwa Hatua

Ndugu watazamaji, karibuni katika uwanja wetu hapa Arusha. Leo ninafunga hema la juu kwenye Toyota Land Cruiser Prado yenye reli za paa zilizoinuliwa, na kazi yote nitaifanya mbele ya kamera, tangu paa likiwa tupu mpaka gari litakaporudi kutoka kwenye mwendo wake wa kwanza wa majaribio. Mimi huuza na kukodisha mahema haya, nami naipenda mno kazi ya kuyafunga. Kinachonisikitisha ni kwamba watu huchagua hema kwa miezi mitatu, kisha mihimili ya kulibebea, yaani zile boriti mbili zinazokatiza paa, huinunua jioni moja kabla ya safari, ilhali mihimili hiyo ndiyo itakayowabeba wao na watoto wao usiku kucha.

Kabla sijashika spana, tuzungumzie uzito. Kitabu cha gari huandika kilo ambazo paa linaruhusiwa kubeba, na kiwango hicho ni cha gari likiwa linatembea. Gari linaporuka tuta, linapofunga breki ghafla au linapokata kona, mzigo wa paani husukuma na kuvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wake wa mizani, na ndiyo maana kiwango cha mwendoni ni kidogo. Gari likiwa limesimama kwenye ardhi tambarare, paa lile lile linaweza kubeba uzito mkubwa zaidi mara kadhaa, na ndiyo sababu watu wazima wawili wanaweza kulala humo bila paa kubonyea. Tuseme kitabu chako kimeandika kilo 80. Mihimili miwili na miguu yake ya kuishikisha kwenye gari ina kilo 7, hema na godoro lake kilo 58, ngazi kilo 6. Hapo umefika kilo 71, na mablanketi mnayopenda kuyaacha ndani ya hema lililokunjwa nayo yanahesabiwa. Zinazobaki ziacheni zibaki, wala msiongeze dumu la maji pembeni.

Mihimili nayo ina kiwango chake, na hema lina kiwango linachodai kutoka kwa mihimili. Chukua kiwango kilicho kidogo kuliko vyote, hicho ndicho chako. Najua magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu husomeka kwa kila mtu, na ukurasa unaoonyesha mchoro wa keria ukiupiga picha simu itakutafsiria. Msikisie kwa kutazama ukubwa wa gari, kwa sababu kuna magari makubwa yenye paa dhaifu.

Sasa tuje kwenye paa. Liosheni, likausheni, kisha pitisheni kitambaa mahali miguu ya mihimili itakapokaa. Vumbi la barabara zetu likibaki chini ya raba ya mguu husaga rangi kila gari linapotikisika, na baada ya miezi michache mnakuta chuma kitupu na kutu. Halafu shikeni reli zenyewe kwa mikono miwili na mzitikise kwa nguvu. Reli za gari lililotumika huweza kuwa zimelegea mahali zilipofungwa, na kuna magari ambayo reli zake ni za plastiki za pambo tu. Reli ya pambo haibebi hema hata kwa kilomita moja. Hizi za leo ni za chuma na hazisogei, kwa hiyo tunaendelea.

Wenye Land Cruiser za zamani zenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa watatumia miguu inayoshika mfereji, na kwa maoni yangu huo ndio mfungo ninaoupenda kuliko wote, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kwa macho. Wenye paa tupu lisilo na reli wala mfereji watatumia miguu yenye vibano vinavyoingia kwenye ukingo wa mlango. Vibano hivyo hutengenezwa kwa umbo la aina moja ya gari, kwa hiyo msiazime vya gari la jirani.

Mhimili wa mbele unakaa hapa, wa nyuma unakaa pale. Karatasi ya hema ndiyo inayosema umbali kati yao, na kwa hema hili nimeweka sentimita 85. Ninaweka alama kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ili mihimili isihame wakati ninakaza. Ninakaza kidogo kulia, kidogo kushoto, nusu mzunguko kila upande, ili mhimili usivutwe upande mmoja. Haya ni mepesi, ninayapita haraka.

Subiri, mdogo wangu, rudisha kamera kwenye mhimili wa mbele. Ndugu watazamaji, mnaona? Kwa macho yangu ulikuwa sawa, lakini kwenye picha unaonekana umeenda mshazari. Tupime. Kutoka ncha ya mbele ya reli hadi mhimili, kulia ni sentimita 41, kushoto ni sentimita 43. Sasa tupime pembe kwa pembe, kutoka mguu wa mbele kulia hadi mguu wa nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vilipaswa kulingana, na havilingani. Ninalegeza miguu yote miwili ya mbele na kuanza upya, kwa sababu hema likifungwa juu ya mihimili iliyokaa mshazari, kila bolti itakuwa inavutana na mwenzake safari nzima. Nimesogeza. Kulia 42, kushoto 42, na pembe kwa pembe zimelingana. Fungueni milango yote na kuifunga kabla ya kuendelea, mhakikishe hakuna mguu unaogusa mlango wala raba yake.

Kunyanyua hema kunahitaji watu wanne, wawili kila upande. Hema hili lina kilo 58 na linapaswa kufika juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo watu wawili hawatoshi hata wakiwa na nguvu za kubeba magunia. Shikeni sakafu ya hema. Msishike mikanda ya kifuniko, kwani haikushonwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kunyanyua, kubalianeni ngazi itashuka upande gani. Kwetu tunaendesha kushoto, nami huifungua upande wa kushoto, ili mtu aliyeegesha kando ya barabara kwa dharura asishukie kwenye magari yanayopita. Limefika juu. Lisogezeni mpaka uzito wake uwe katikati ya mihimili kwa pande zote. Fungua mlango wa nyuma. Kwenye Prado hii unafunguka kwa ubavu na haugusi chochote, lakini kwenye gari ambalo mlango wa buti hunyanyuka juu, hapa ndipo watu hugundua kwamba kioo kinagonga sakafu ya hema.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, na mdogo wangu asogeze kamera mpaka mwisho. Chini ya hema kuna reli mbili za alumini zenye mfereji. Kichwa cha bolti kinaingia ndani ya mfereji huo, mkia wake unashuka pembeni mwa mhimili, kisha bamba la chuma linapita chini ya mhimili na kukazwa kwa nati. Mabamba ni manne na bolti ni nane. Kichwa cha bolti lazima kikae bapa ndani ya mfereji, pande zake mbili zikigusa kingo zote mbili za alumini. Kikikaa mshazari, nati itakaza, spana itakataa kuendelea, na mkono wako utakuambia kwamba kazi imekwisha. Mkono huo unadanganywa. Barabara ikianza kutikisa, kichwa kitajinyoosha chenyewe, na pale palipokuwa na mkazo patabaki nafasi.

Hilo lilinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa natoka Ngorongoro kuelekea Seronera, katikati ya Serengeti, na wanaoifahamu barabara ile ya vumbi wanajua vile vijituta vya mfululizo vinavyotikisa gari mpaka meno. Kabla ya lango la Naabi nikasikia kugonga juu ya kichwa changu. Niliposimama nikakuta hema limerudi nyuma kwa shubiri nzima, bolti mbili zimelegea, na nyingine sita ndizo zilizokuwa zimebeba kila kitu. Nyuma yangu lilikuwa gari la wageni. Tangu siku ile sikazi bolti yoyote bila kuitazama kichwani kwa tochi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ingiza bolti, ivute chini kwa vidole, izungushe kidogo kulia na kushoto. Kichwa kilichokaa bapa hakizunguki. Kikizunguka, hakijakaa. Mulika tochi kutoka ncha ya mfereji na utazame. Hii imekaa. Hii imekaa. Hii, tazameni, inaonekana imekaa, lakini nikiigusa inazunguka. Ninaitoa kabisa na kuiingiza tena. Msione uvivu wa kuitoa.

Nati ninazianza kwa vidole, zote nane, kabla ya kukaza hata moja. Msitumie mashine ya kukazia. Bolti na nati za chuma cha pua zikizungushwa kwa kasi hupata joto la msuguano na kushikana, na zikishashikana hazitoki tena ila kwa msumeno. Kazeni kwa mkono, polepole, mkipokezana mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Spana yangu ya kupimia mkazo nimeiweka kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya hema hili, nanyi iwekeni kwenye kiwango cha hema lenu. Zaidi ya hapo mhimili wa alumini hubonyea, na mhimili uliobonyea haurudi. Kabla ya mkazo wa mwisho, nawaomba tena, mulikeni vichwa vya bolti.

Nikimaliza, ninapaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Nati ikisogea, mstari unakatika, na mtu yeyote anaweza kuuona bila spana. Rangi nyekundu ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa huonekana hata kwenye vumbi.

Sasa ninashika hema kwa mikono miwili na kulisukuma na kulivuta kwa nguvu. Gari zima linapaswa kuyumba pamoja na hema. Hema likiyumba peke yake, rudi ulikotoka. Hapa gari linayumba lote. Vizuri.

Tulifungue mara moja tuone ngazi, maana kwenye hema la kukunjua kama hili ngazi ndiyo nguzo inayobeba nusu ya sakafu inayoning'inia nje ya gari. Asipande mtu yeyote kabla ngazi haijanyooshwa, pini zake zote hazijafunga, na miguu yake yote miwili haijakanyaga ardhi ngumu. Sakafu ikiwa kimo cha mita 2, ninaiweka miguu ya ngazi takribani nusu mita nje ya mstari wa ukingo wa sakafu. Ngazi iliyosimama wima mno humwangusha mtu anayeshuka usiku akiwa na usingizi, na iliyolala mno huteleza. Nanyi wapenzi wa baridi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, tafadhali msiingize jiko la mkaa ndani ya hema hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Tunalikunja, tunafunga kifuniko, tunabana mikanda ya ziada ili isipige kelele. Ninapima kimo kuanzia chini hadi juu kabisa: mita 2 na sentimita 24. Kimo hicho ninakiandika kwenye karatasi na kukibandika mbele ya dereva, kwa sababu mtu akishazoea gari lake husahau kwamba limerefuka, na maegesho yaliyo chini ya majengo hayasamehe. Kumbukeni pia kwamba ukiongeza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo unaolisukuma hema huwa mara nne. Mafuta mtayalipia, na kwenye kona gari litalalia upande zaidi ya mlivyozoea, kwa kuwa mmeupandisha uzito juu. Ndani ya Serengeti kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kwa hema la juu mimi huuona mwendo huo kuwa mzuri hata pasipo na kikomo.

Sasa tunakwenda Usa River na kurudi, takribani kilomita 20 kwenda, na nimechagua kupita vipande vya vumbi pembeni mwa lami. Kamera tunaizima kidogo.

Tumerudi. Sijagusa kitu. Tupite pamoja kwenye mistari ya rangi. Mbele kulia, miwili, mizima. Mbele kushoto, miwili, mizima. Nyuma kulia, mizima. Nyuma kushoto, wa kwanza mzima, na huu wa pili, sogeza kamera, umekatika kwa unene wa ukucha. Ninaingiza tochi. Kichwa kimekaa bapa, kwa hiyo ni nati tu iliyotulia baada ya kutikiswa, jambo la kawaida katika kilomita za mwanzo. Ninakaza mpaka spana inaposema, ninafuta rangi ya zamani, ninachora mstari mpya. Kesho asubuhi, kabla mwenye gari hajaja kulichukua, nitaizungukia tena mistari yote minane, naye nitamkabidhi tochi na hii chupa ya rangi, ili aitazame mistari hiyo kila jioni ya safari kabla ya kupanda kulala.