Barafu ya Kusini na Bamvua la Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, manahodha, walimu, kina mama na vijana mliokuja katika ukumbi huu wa ngome, nawashukuru kwa kuitika. Nimeombwa nieleze namna bahari inavyoila barafu ya ncha za dunia, na kwa nini jambo litokealo huko litushughulishe sisi wa Lamu.

Barafu iliyoifunika nchi kavu ya Antaktika ni nyingi kiasi kwamba, lau ingeyeyuka yote, bahari za dunia zingepanda kwa karibu mita 58. Ile ya Greenland, kisiwa kikubwa kilicho karibu na ncha ya kaskazini, ingeongeza nyingine zaidi ya mita 7. Haitayeyuka yote katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu, lakini sehemu ndogo tu ya akiba hiyo yatosha kuibadilisha pwani. Wengi hudhani kwamba kinachoiyeyusha ni jua na hewa ya joto kutoka juu. Kwa Greenland hilo lina ukweli mkubwa. Kwa Antaktika, ambako sehemu kubwa ya bara hubaki katika baridi ya kuganda karibu mwaka mzima, hatari kubwa inatoka chini, nayo ni maji ya bahari.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililozuiliwa duniani kwa sababu ya gesi tunazozitoa limeingia baharini. Huko kusini maji ya juu ni baridi sana na chumvi yake ni pungufu, kwa hiyo ni mepesi. Chini yake, katika kina cha mamia ya mita, hupita maji yenye chumvi zaidi na joto zaidi, ambayo hubaki chini kwa sababu chumvi huyafanya kuwa mazito. Joto lake ni kama nyuzi 1 tu juu ya sifuri, na najua kwamba hapa Lamu hakuna atakayeyaita maji hayo ya moto. Lakini mgandamizo wa kina kirefu huifanya barafu iyeyuke kwa urahisi zaidi, hata katika mita 1,000 ikawa inayeyuka ndani ya maji ya chumvi yenye baridi ya zaidi ya nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwa barafu iliyo huko, basi, maji ya nyuzi 1 ni moto wa kweli, na pepo za magharibi zinazolizunguka bara hilo zikibadilika, maji hayo hupata njia ya kupanda kwenye mabonde ya chini ya bahari na kuifikia.

Mahali panapowatia wasiwasi wataalamu kuliko pote ni mto wa barafu uitwao Thwaites, magharibi mwa Antaktika, wenye upana wa kilomita 120 hivi, ambao ni kama mwendo wa kutoka Malindi hadi Mombasa. Mto huo haukukaa juu ya nchi iliyoinuka; umekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, kama jahazi lililopwelewa, ambalo uzito wake ndio unaolishikilia chini. Maji ya joto yakiikonda barafu kutoka chini, uzito hupungua, ikaelea, na mstari ule inapoacha kukanyaga mwamba husogea ndani. Na hapa ndipo penye ugumu wa jambo: mwamba wa Thwaites huzidi kwenda chini kadiri unavyoelekea ndani ya bara, kwa hiyo kila hatua ya kurudi nyuma huufikisha mto huo mahali ambapo barafu ni nene zaidi na hutiririka baharini kwa wingi zaidi. Barafu yake yote ingeweza kuinua bahari kwa takriban sentimita 65.

Mwaka 2024 watafiti waliotumia picha za rada za setilaiti walionyesha kwamba maji ya chumvi huingia kilomita kadhaa chini ya barafu ya Thwaites ambayo ilidhaniwa imekanyaga mwamba, na kwamba huingia na kutoka kwa kufuata kujaa na kupwa. Manahodha, mtalifahamu hili kuliko mimi: bamvua na maji mafu yanayopanga safari zenu ndiyo pia yanayoinyanyua barafu ile na kuishusha, na kila yanapojaa hupeleka joto jipya mahali ambapo halikufika.

Huenda mtu akauliza, na swali hilo ni la haki, ikiwa barafu inayoelea tayari imo majini, kuyeyuka kwake kunaongeza nini? Kwa yenyewe, karibu hakuna. Lakini barafu inayoelea huizuia ile ya nchi kavu isishuke. Mwaka 2002 eneo la barafu inayoelea liitwalo Larsen B, huko Antaktika, lenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lilivunjika katika muda wa wiki chache, na mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaongeza kasi. Katika kisa hicho joto la hewa lilikuwa na sehemu kubwa. Nakitaja ili kionekane kazi ya kizuizi.

Greenland inatupa ushahidi wa wazi kuhusu bahari yenyewe. Mto wa barafu wa Jakobshavn ulifikiwa na maji ya joto mwishoni mwa miaka ya 1990, ukapoteza sehemu yake inayoelea, na kasi yake ikaongezeka karibu maradufu. Kisha, kuanzia 2016, maji yaliyoufikia yakawa baridi zaidi, nao ukapunguza mwendo na hata kunenepa kwa miaka michache. Ulipunguza mwendo kwa sababu bahari iliyo mbele yake ilipoa, ingawa dunia kwa jumla ilikuwa ikiendelea kupata joto.

Sasa nije kwetu. Ni desturi kufikiri kwamba walio karibu na barafu ndio watakaofurika kwanza, na sivyo. Barafu nyingi huyavuta maji ya bahari kuielekea, kwa nguvu ileile ya mvutano ambayo mwezi huitumia kuyajaza maji yetu. Inapopungua, mvutano hupungua, maji ya karibu nayo hushuka, na maji hayo huenda kuongezeka mbali, zaidi katika nchi za joto. Kwa hiyo barafu ya ncha zote mbili inapoyeyuka, pwani yetu hupata zaidi kidogo ya wastani wa dunia. Sikuona haki katika mgawanyo huo, kwa kuwa mchango wetu katika gesi hizo ni mdogo sana.

Wastani huo wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho kasi ya kupanda ilifikia karibu milimita 4 kwa mwaka. Sehemu yake ilitokana na maji kutanuka kwa joto. Kufikia 2100, tathmini ya kimataifa inakadiria kati ya sentimita 28 na 55 gesi zikipunguzwa haraka, na kati ya 63 na 101 zikiachwa ziongezeke sana, bila kuondoa uwezekano wa karibu mita 2 iwapo barafu itavunjika kwa namna isiyotabirika vizuri.

Nusu mita haionekani kuwa kubwa mahali ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Lakini nusu mita hiyo huongezwa juu ya bamvua kubwa la Machi na Septemba, na juu ya mawimbi ya kusi, si juu ya maji ya siku ya kawaida. Visima vinavyotegemea maji tamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela viko hatarini mapema kuliko nyumba, kwa sababu maji hayo matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na chumvi ikisogea haionekani mpaka maji yageuke ladha.

Kipimo cha maji cha Lamu kina kumbukumbu za miongo michache tu. Kwa hiyo nawaomba wazee wanaokumbuka bamvua la utotoni mwao lilifika ngazi ipi, au mkoko upi wa Matondoni, tuonane baada ya mhadhara huu ili alama hizo zipimwe na kuandikwa.